Chai badala ya pesa: wafumaji wa Shetland na daftari la duka letu



Katika ripoti iliyopita tuliandika mstari mmoja tu kwamba kikundi chetu cha ufumaji kimekataa nyuzi za mkopo. Mfadhili mmoja akatuuliza, na ni haki yake: iko namna gani, bamama wanalia kila siku hawana nyuzi, halafu mfanyabiashara anakuja na magunia mawili ya nyuzi nzuri, na ninyi munasema hapana? Hata wanachama wengine waliuliza vile vile, tena kwa sauti ya juu. Tuliahidi kujibu hapa. Jibu letu linapita mbali, hadi kwenye visiwa vya baridi vya kaskazini. Tunaomba uvumilivu, tutarudi nyumbani.

Tuanze na siye wenyewe. Wengi wetu tulijifunza kufuma kambini Tanzania, Nyarugusu ama Lugufu. Sindano zilikuwa sipoki za baiskeli zilizonolewa juu ya jiwe, na nyuzi zilitoka katika matriko ya mitumba tuliyoyafumua usiku. Meli zilipoanza kuturudisha kutoka Kigoma hadi Baraka, mwezi wa kumi 2005, kuna mama alishuka na sufuria, godoro, na sipoki nne zimefungwa ndani ya kitambaa. Tulimcheka. Huku kando ya ziwa kuna joto, nani atavaa kofia ya sufu? Yeye alikuwa amefikiri kutupita. Watu wanaoshuka sokoni kutoka Hauts Plateaux, upande wa Minembwe na Itombwe, wanaishi mahali milima inapopita meta 2,000, mingine hata 3,000, na mtoto mchanga kule hulala na kofia na soksi. Wao ndio wateja wetu mpaka leo, siku barabara inapopitika na hakuna risasi.

Mwaka jana ndugu wa mwanachama wetu mmoja, anayeishi Uskoti pamoja na familia nyingine za Wakongo zilizopelekwa kule, alituma mzigo wa nguo. Ndani yake kulikuwa na kofia moja ya sufu, kondoo weupe na weusi wameizunguka pande zote. Bamama waliigeuza ndani nje kabla hata ya kuijaribu kichwani, maana mfumaji husoma kazi upande wa nyuma. Huko waliona uzi wa rangi isiyotumika ukipita nyuma ya ule unaotumika, mstari kwa mstari, hata kofia ikawa na tabaka mbili. Ndiyo sababu ya joto lake. Pamoja nayo kulikuwa na karatasi yenye mchoro wa kuifuma. Ndugu yule aliandika: mchoro huu hutolewa bure, kofia inatoka Shetland. Tulimuomba atutafutie habari za watu hao wanaogawa kazi yao bure. Habari zilizofika si zile tulizozitegemea.

Shetland ni visiwa kama 100, vichache tu vina watu, kaskazini kabisa mwa Uskoti. Miti ni michache, upepo hausimami. Kondoo wao ni wadogo na sufu yao ni laini sana. Zamani hawakuikata kwa mkasi, waliivuta kwa vidole mwanzo wa kiangazi wakati inaachia yenyewe. Tangu miaka ya 1600 wavuvi Waholanzi walipokuja kuvua heringi walinunua soksi za wanawake wa visiwa hivyo, na mji wa Lerwick ulikua kwa biashara ya namna hiyo. Baadaye yakaja mashali membamba mno, mengine yakipita katika pete ya ndoa.

Waume walikuwa baharini. Mwenye ardhi aliwakodishia shamba kwa sharti wamvulie samaki, na bei aliipanga yeye. Mashua zilikuwa wazi, zikiendeshwa kwa makasia na tanga, na bahari ilikula watu. Tarehe 20 Julai 1881 dhoruba moja ilizamisha mashua 10, wakafa wanaume 58. Kwa hiyo wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na wajane walikuwa wengi. Shamba lao, watoto wao, kuni zao. Kuni zenyewe hazikuwa miti, ni udongo mweusi wa kinamasi unaokatwa kama matofali na kukaushwa. Mwanamke alijaza kikapu kinachoitwa kishie, akakibeba mgongoni, akashuka mlima, na mikono miwili mbele ikiendelea kufuma. Alivaa mkanda wa ngozi uliojazwa manyoya ya farasi na kutobolewa matundu. Sindano moja iliingia tunduni ikashikwa hapo, basi mkono ukapata uhuru na yeye akatembea huku anafuma.

Kuna picha za zamani za wanawake hao. Tulipoziona, mama mmoja wa Mboko alisema, «Huyu ni mimi, ni rangi tu.» Kwetu kamba ya kitunga inapita kwenye paji la uso, kwao inapita kifuani. Tofauti ingine hatukuiona.

Sasa tufike kwenye daftari. Mwanamke wa Shetland alipopeleka soksi, glavu au shali dukani, mwenye duka hakumpa pesa. Alimpa chai, kitambaa cha pamba, utepe. Kama hakutaka kitu siku ile, aliandikwa katika daftari, au alipewa kikaratasi kinachoonyesha anadai kiasi gani, na kikaratasi hicho kilikubalika katika duka lile lile tu. Mtu huwezi kula utepe. Wanawake walibeba chai wakaenda nayo mashambani kuibadilisha kwa unga au viazi, na wengine waliuza kikaratasi chao kwa jirani kwa bei ya chini, ili wapate shilingi ya kulipa kodi ya chumba. Fikiri: amefuma wiki nzima, halafu anaanza tena kazi ya pili ya kutembeza chai.

Mfumo huu ulikuwa na jina lake kule Uingereza, na sheria ya kuukataza iliwekwa tangu 1831. Lakini sheria ilihesabu wafanyakazi walioajiriwa, na mama anayefuma nyumbani kwake hakuajiriwa na mtu. Mwanzoni mwa 1872 serikali ilimtuma mwanasheria William Guthrie kuchunguza. Alikaa Lerwick na sehemu zingine, akawaita wafanyabiashara, wavuvi, na wanawake wafumaji wenyewe, kila neno likaandikwa. Kwetu hili ni jambo kubwa. Ni mara ngapi mwanamke maskini ameitwa mbele ya mkubwa aseme bei ya soksi yake?

Tusiwaseme wenye maduka tu. Walijitetea, na tumesoma utetezi wao kwa makini sababu unafanana kabisa na ule tulioambiwa sisi. Walisema ufumaji hauleti faida: wanauza shali kwa bei ile ile waliyompa mwanamke, faida yao iko katika chai na kitambaa. Yaani wakilipa pesa taslimu, watalipa kidogo zaidi. Na ni kweli pia kwamba pesa taslimu zilikuwa chache katika visiwa, na mwaka wa njaa duka ndilo lililokopesha unga. Mtu anayekuokoa na njaa unamwambiaje kwamba anakuibia? Hapo ndipo ugumu ulipo. Daftari si adui anayekuja na panga. Huja na magunia mawili ya nyuzi nzuri na maneno matamu.

Sheria mpya ya 1887 ilijaribu kuwafikia hata wafumaji wa nyumbani. Desturi haikufa kwa hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mwana wa mfalme wa Uingereza, yule aliyeitwa baadaye Edward VIII, alianza kuonekana akicheza gofu na sweta ya rangi nyingi ya Fair Isle, na ulimwengu wote ukaitaka. Kazi ya Shetland ikapata sifa kubwa, na bado kuna wanawake waliolipwa kwa bidhaa. Kilichovunja daftari, tunavyosoma, ni vita ya pili ya dunia. Maelfu ya askari waliletwa visiwani, wakasikia baridi, wakataka soksi na glavu, na walikuwa na pesa mfukoni. Walinunua moja kwa moja mlangoni kwa mfumaji. Kutoka uchunguzi wa Guthrie mpaka hapo ni miaka karibu 70.

Miaka ya 1970 ikaja mafuta ya petroli, na bandari kubwa ya Sullom Voe. Wanawake walipata mishahara. Nani atafuma glavu siku mbili kama saa chache za kazi ingine zinalipa zaidi? Vijana wakaacha. Mwaka 2010 halmashauri ya visiwa, kwa kupunguza matumizi, iliondoa walimu wa ufumaji katika shule za msingi. Ufundi ambao daftari halikuweza kuuua ulikaribia kufa kwa kukosa wanafunzi.

Hapa ndipo tunawapenda zaidi. Kuna chama kule cha wasokotaji, wafumaji na wapaka rangi, watu wanaokutana na kuonyeshana kazi. Tena wafumaji wakubwa walianza kufundisha watoto kwa kujitolea, katika mpango unaoitwa Peerie Makkers, maana yake kwa lugha yao wafumaji wadogo. Mtoto halipi. Anapewa mkanda na sindano, anakaa kando ya mtu anayejua. Na kila mwaka kuna juma la sufu, lilianza 2010, ambapo mfumaji mmoja hutoa mchoro wa kofia bure kwa dunia yote. Kofia yetu ya kondoo ni ya mwaka 2015, mchoro wa Donna Smith. Wageni huja kutoka mbali wameivaa, wanalala katika nyumba za wageni, wananunua sufu ya pale pale. Kumbe waligawa bure karatasi, wakauza nyuzi.

Sasa turudi nyumbani kama tulivyoahidi.

Miaka miwili iliyopita, kabla kikundi hakijapata sanduku lake, bamama saba walikuwa wamekubali nyuzi za duka moja, hatulitaji. Masharti yalionekana rahisi: chukua nyuzi, leta kofia, hesabu itakatwa. Mwezi wa kwanza walifurahi. Mwezi wa tatu kofia tatu zilikuwa zinaleta sabuni mbili na kilo moja ya chumvi, na deni la nyuzi halikupungua. Mmoja alitaka kuuza kofia zake mwenyewe kwa mama wa Minembwe aliyekuwa na franka mkononi. Akaambiwa: nyuzi ni za duka, kofia ni za duka. Mtoto wake alikuwa na malaria siku ile, na kituo cha afya hakipokei sabuni.

Ndiyo maana tuliposoma habari ya chai na vikaratasi, mkutano ulinyamaza. Halafu mjane mmoja akasimama akasema ukweli wake: «Ninyi munasoma historia, mimi sina uzi. Hata chai ni chakula.» Hatukuwa na jibu zuri. Tulimpa nyuzi kutoka sandukuni, na sanduku likabaki karibu tupu.

Tulikubaliana hivi, kwa kura, na wanne walikataa. Nyuzi zinanunuliwa na kikundi kwa pesa ya likelemba yetu na michango yenu, na mfumaji anazirudisha kwa bei ile ile, bila kuongeza. Kofia ni ya aliyeifuma, atauza anapotaka. Kikundi kikinunua, kinalipa franka siku hiyo hiyo, na kofia yenye jicho lililoteleza inarudishwa ifumuliwe, hata kama ni ya mwenyekiti. (Ya mwenyekiti imekwisha kurudishwa mara mbili.)

Habari ya kufundisha ndiyo iliyotuchelewesha. Wengine walitaka binti anayejifunza alipe, ama asionyeshwe mchoro wa kondoo, asije akatupunguzia soko. Woga huo tunauelewa, soko letu ni dogo. Lakini wafumaji wetu wazuri wana miaka zaidi ya hamsini na macho yanachoka, na tumeona Shetland ilivyokaribia kubaki na mashali katika sanduku la kioo bila mtu wa kuyafuma. Mabinti tisa wanakuja siku ya posho alasiri. Hawalipi. Wanaleta triko moja kuukuu la kufumua, na sipoki. Kondoo wa kwanza waliotoka walifanana na mbuzi, na mama mmoja kutoka juu alizinunua hivyo hivyo, akasema kule kwao mbuzi ndio wengi.

Mfadhili wetu, mchango wako wa mwisho ulinunua nyuzi, kama ripoti inavyoonyesha. Sehemu ingine, kwa ruhusa ya mkutano, ilikwenda kwenye lile duka. Daftari bado liko pale juu ya meza, tumeliona. Kati ya majina saba tumelipia manne yakafutwa mbele yetu. Bado matatu.