Mchunga na ndugu zake: Jinsi ya kutofautisha maua ya porini ya ukanda wa Pwani

MVUA za masika zinaponyesha katika ukanda wa pwani kuanzia Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo na Saadani, mashamba, viwanja visivyojengwa na kingo za barabara hujaa maua madogo ya njano, meupe na ya rangi ya machungwa. Kwa mkazi wa mjini, mengi ya maua hayo huonekana kuwa kitu kimoja. Lakini miongoni mwake kuna mboga, kuna dawa za asili na kuna mimea yenye sumu inayodhuru ini. Kwa sababu hiyo, kuyatofautisha ni suala la afya.

Mimea hiyo ni ya jamii ya alizeti, mojawapo ya jamii kubwa kuliko zote za mimea itoayo maua, yenye spishi zaidi ya 20,000 duniani. Kinachoitwa ua katika jamii hii kwa hakika ni kichwa kimoja kilichobeba vijiua vingi vilivyosongamana. Umbo la vijiua hivyo ndilo ufunguo wa kwanza wa utambuzi.

Unaojulikana zaidi pwani ni mchunga, kwa jina la kisayansi Launaea cornuta, mboga chungu ambayo wengi huipika kwa nazi. Ua lake ni la njano, na vijiua vyake vyote ni bapa kama utepe, kila kimoja kikiwa na meno matano madogo kwenye ncha. Ukikata jani au shina, hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Mizizi yake hutambaa chini ya ardhi, ndiyo maana mkulima akiung'oa leo huchipua tena baada ya siku chache.

Ndugu yake wa karibu, Launaea sarmentosa, huishi kwenye mchanga wa ufukweni. Maua yake yanafanana sana na ya mchunga, lakini mmea wenyewe hausimami. Hutambaa juu ya mchanga, ukatoa mizizi kwenye vifundo na kuchipua kishada kipya cha majani kila unapotia mizizi.

Hatari ipo kwa mimea ya kundi la Emilia. Ikiwa michanga, majani yake huweza kudhaniwa kuwa ya mchunga na mchumaji asiye mzoefu. Spishi mojawapo imepewa jina sonchifolia, maana yake yenye majani kama ya Sonchus, ambaye naye ni ndugu wa mchunga. Tofauti ni kwamba Emilia haitoi utomvu mweupe. Ua lake halina utepe wa pembeni, bali hufanana na kibrashi kidogo chekundu, cha machungwa au cha zambarau. Mimea hii ina kemikali zinazoweza kuharibu ini taratibu, mlaji asione dalili mapema. Kemikali za aina hiyo zimo pia katika gugu Ageratum conyzoides, ambalo lilihusishwa na ugonjwa wa ini ulioripotiwa mwaka 2005 katika jimbo la Tigray, Ethiopia, baada ya kuchanganyika na nafaka.

Hata hivyo, utomvu mweupe peke yake hauthibitishi kuwa mmea unalika. Mnyaa nao hutoa utomvu kama huo, na utomvu wake huunguza ngozi na macho. Ni lazima alama zote zilingane.

Wengine wanaochanganywa ni kishona nguo, yaani Bidens pilosa, na Tridax procumbens, wote wakiwa na asili ya bara la Amerika. Kishona nguo ana majani yaliyogawanyika, na mbegu nyeusi zenye miiba inayonasa kwenye nguo. Tridax ana majani mazima yenye manyoya, ua moja juu ya kikonyo kirefu, na mbegu zenye nyuzi kama sufi zinazopeperushwa na upepo.

Kazi ya kuandika majina ya mimea ya pwani ina historia ndefu. Padri Charles Sacleux, mmisionari Mfaransa aliyefanya kazi Zanzibar na Bagamoyo tangu mwaka 1879, alikusanya mimea pamoja na majina yake, na kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilichapishwa kati ya mwaka 1939 na 1941. Orodha ya kisayansi ya mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952, ilikamilika mwaka 2012 ikiwa na spishi zaidi ya 12,000.

Msomaji mwenye shaka achukue mmea mzima wenye mzizi, jani, ua na mbegu, aukaushe kwa kuubana katikati ya kurasa za gazeti, kisha aupeleke kwa wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Kabla ya kupata jibu, mboga hiyo isiingie jikoni.