Kilo 100 za Mpunga Hutoa Mchele Kiasi Gani?

Leo historia inatupeleka India, kwenye mashine za kukoboa mpunga. Ni mbali na kambini, lakini swali lao unalifahamu: chakula kilichotoka ghalani kimefika chote?

Mwaka 1943, njaa iliua watu kati ya milioni 2 na 3 katika jimbo la Bengal, lililokuwa chini ya Uingereza. Mchele ulikuwepo sokoni, lakini bei ilipanda hadi vibarua wa mashambani wakashindwa kuununua.

Baada ya uhuru wa mwaka 1947, serikali ya India haikutaka kuwaachia wafanyabiashara chakula cha watu. Mwaka 1958 ilitunga sheria ya kuzipa leseni na kuzisimamia mashine za kukoboa mpunga. Januari 1965 likaanza Shirika la Chakula la India, na ofisi yake ya kwanza ya wilaya ikafunguliwa Thanjavur, eneo la kusini linalosifika kwa mpunga. Kazi yake ni kununua nafaka kwa bei iliyotangazwa, kuihifadhi, na kuitoa kwa ajili ya maduka ya mgao.

Lakini mpunga hauliwi na maganda yake. Mashine nyingi zilikuwa za watu binafsi, kwa hiyo serikali iliwapa mpunga wa umma waukoboe kwa malipo. Hapo ndipo usimamizi ulipokuwa mgumu: mali ni ya wananchi, lakini ufunguo wa ghala anao mwenye mashine.

Dawa yake ikawa kipimo. Kila kilo 100 za mpunga zinatakiwa kurudisha kilo 67 za mchele, au 68 kama mpunga ulichemshwa kabla ya kukobolewa. Kwa kipimo hicho, hata mtu asiyejua mashine anaweza kuuliza: mlipokea mpunga kilo ngapi, na mchele wake uko wapi?

Je, kipimo peke yake kilitosha? Hapana. Mwaka 2015, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa India alitoa ripoti kuhusu ununuzi na ukoboaji wa mpunga wa umma. Alikuta mchele unaocheleweshwa, na pumba za thamani zikibaki kwa wenye mashine. Pumba hizo hukamuliwa mafuta ya kupikia.

Macho zaidi yalikuwa tayari yameongezwa. Sheria ya chakula ya mwaka 2013 ilitaja kiwango wazi, kilo 5 za nafaka kwa mtu kwa mwezi kwa familia nyingi zinazohusika. Pia ilitaka kamati za uangalizi, na ukaguzi unaowashirikisha wananchi wenyewe.

Msikilizaji, nafaka hupotea pale inapobadilisha mikono bila kupimwa. Siku ya mgao, soma tangazo la kiwango cha mwezi huo. Zidisha kwa idadi ya watu walio kwenye kadi yako. Hakikisha mizani inaanzia sifuri. Kikipungua, uliza kwa utulivu kabla hujaondoka, au peleka malalamiko kwa kamati ya chakula. Kuuliza uzito si kumtukana mgawaji. Hata mgawaji mwaminifu, mizani ndiyo shahidi wake.