Mnyororo wa Ugavi na Njia Moja: Kutoka Tabora ya 1871 hadi Viwanda vya Magari

Makala haya yanachunguza hatari ya ugavi unaotegemea njia moja. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo aliifunga njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji. Biashara ya pembe za ndovu ilikwama. Stanley alizunguka kusini, akafika Ujiji mwezi Novemba. Mwaka 2011 tetemeko la ardhi nchini Japani lilisimamisha viwanda vya Toyota kwa kukosa vipuri. Baadaye kampuni hiyo iliwataka wagavi wake waweke akiba ya vijenzi vya kielektroniki. Inahitimishwa kwamba njia ya pili, ingawa ndefu na ghali, ni sehemu ya mnyororo wenyewe. Wahenga walishasema: akiba haiozi.