Nani Hushika Mkia? Elimu, Historia na Mizani ya Mataifa

Kila mwisho wa muhula mwalimu wa darasa huyapanga majina ya wanafunzi wake, kuanzia aliyeshika nambari ya kwanza hadi aliyeshika mkia. Mzazi apelekewapo taarifa hutazama nambari hiyo kwanza, na aghalabu huishia hapo. Haulizi kama mtoto alikuwa na kitabu, kama alishinda na njaa, wala kama aliielewa sawasawa lugha aliyoulizwa. Nambari humtosha, kwake yeye, mtoto ama ana akili au hana.

Desturi hiyo imevuka mipaka ya darasa, na leo mataifa nayo hupangwa katika orodha. Jambo hili lilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, pale wataalamu wa elimu wa nchi mbalimbali walipokutana kutafuta kipimo kimoja cha kupimia mafunzo ya shule zao. Mwaka 1964 waliendesha mtihani wa hisabati katika nchi 12, karibu zote zikiwa nchi za viwanda. Mwaka 1995 ulianza mtihani mwingine mkubwa zaidi wa hisabati na sayansi ujulikanao kama TIMSS, na mwaka 2000 nchi tajiri zilizoungana katika shirika la OECD zikaanzisha mtihani wa PISA kwa vijana wa miaka 15. Tangu hapo, kila orodha mpya itokapo, magazeti hutangaza aliyeshinda na aliyeshindwa.

Hatari ya orodha hizi si kuwepo kwake, kwani kujipima ni jambo jema. Hatari ni kwamba msomaji asiyetafakari huzichukua kuwa ni orodha ya akili za watu. Sisi Waafrika tumekwisha kuisikia hoja hiyo. Ndiyo aliyoitumia mkoloni alipodai kwamba mtu mweusi haiwezi elimu ya juu, na kwa sababu hiyo akamnyima. Basi hatuna budi kuuliza swali hili kwa makini: taifa linaposhika mkia, ni nini hasa kinachokuwa kimepimwa? Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Katika makala haya tutaona kuwa hata chombo kinachozama, mara nyingi kimeundwa ili kizame.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Afrika Kusini. Katika mtihani wa TIMSS wa mwaka 1999, uliofanywa na nchi 38, wanafunzi wa darasa la nane wa Afrika Kusini walipata wastani wa alama 275 katika hisabati, hali wastani wa mataifa yote ulikuwa 487. Walikuwa wa mwisho. Walikuwa wa mwisho pia mwaka 1995, na tena mwaka 2003. Mtu angeweza kushangaa. Nchi hiyo ina migodi, viwanda, reli na vyuo vikuu vyenye sifa duniani. Imewezaje kushindwa na nchi zilizo maskini kuliko yenyewe?

Jibu halimo katika karatasi ya mtihani, bali katika sheria iliyotungwa miaka mingi kabla watahiniwa wale hawajazaliwa. Mwaka 1953 serikali ya makaburu ilipitisha Sheria ya Elimu ya Wabantu. Kabla ya hapo, watoto wengi wa Kiafrika waliobahatika kusoma walisomeshwa katika shule za misheni, na baadhi ya shule hizo, kama Lovedale, Healdtown na Adams, zilikuwa zimetoa viongozi, waandishi na wanasheria. Sheria mpya ilizitia shule za Waafrika chini ya wizara iliyosimamia mambo ya wenyeji. Waziri wake, Hendrik Verwoerd, hakuficha nia. Alieleza kuwa Mwafrika hana nafasi katika jamii ya Wazungu kupita ngazi fulani za kazi ya mikono, na akauliza bungeni kuna faida gani kumfundisha mtoto wa Kibantu hisabati ambayo hatapata mahali pa kuitumia.

Msomaji na alitafakari neno hilo. Hisabati yenyewe ndiyo iliyotajwa. Miaka 42 baadaye, wajukuu wa watu wale waliketi kufanya mtihani wa hisabati mbele ya ulimwengu, wakashika mkia. Je, tuseme wameshindwa, au tuseme mpango umetimia?

Mpango huo ulitekelezwa kwa fedha. Katika mwaka wa 1975/76 serikali ilitumia randi 644 kwa kila mwanafunzi Mzungu, na randi 42 tu kwa kila mwanafunzi Mwafrika. Katika tofauti hiyo mna vitabu visivyonunuliwa, maabara zisizojengwa, madarasa yenye watoto wasiohesabika, na walimu ambao wengi wao hawakuwa wamemaliza elimu ya sekondari wao wenyewe. Mwalimu hawezi kumpa mwanafunzi asichopewa yeye. Na mwalimu aliyefundishwa vibaya mwaka 1970 huendelea kufundisha hadi mwaka 2000 na zaidi, na wale aliowafundisha huwa walimu baada yake. Hivyo sheria ya dhuluma inaweza kufutwa kwa siku moja, lakini matunda yake huendelea kuvunwa kwa vizazi.

Ulitekelezwa pia kwa lugha. Mwaka 1974 serikali iliamuru kwamba masomo kadhaa katika shule za Waafrika, hisabati ikiwemo, yafundishwe kwa Kiafrikana, lugha ambayo wanafunzi wengi hawakuimudu na ambayo kwao ilikuwa lugha ya polisi na ya karani wa pasi. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kuipinga amri hiyo, nao wakapigwa risasi. Tangu mwaka 1991 Afrika nzima huiadhimisha tarehe hiyo kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika. Yafaa tukumbuke kuwa watoto wale hawakufa wakidai mishahara wala ardhi. Walikufa wakidai wafundishwe kwa namna watakayoelewa.

Hapa historia yao inakutana na yetu. Vijana wengi walioikimbia nchi baada ya Soweto walipokewa Tanzania. Serikali yetu ilitoa ardhi Mazimbu, Morogoro, na mwaka 1978 chama cha ANC kikaanza kujenga shule pale. Ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana mpigania uhuru aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Pale Mazimbu watoto walewale ambao Verwoerd alisema hawana haja ya hisabati walifundishwa hisabati, sayansi na historia ya ukombozi wao. Majengo hayo leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na mwanafunzi wa Morogoro apitapo hapo anapita mahali ambapo hoja ya makaburu ilijibiwa kwa vitendo.

Jibu la pili lilitoka ndani ya matokeo yenyewe. Mwaka 2003 wataalamu walipoyachambua matokeo ya Afrika Kusini kwa aina ya shule, waliona kuwa wanafunzi wa shule zilizokuwa za Wazungu walikaribia wastani wa mataifa, na wale wa shule zilizokuwa za Waafrika walikuwa chini mno. Nchi ilikuwa moja, mtaala mmoja na mtihani mmoja, lakini mlikuwamo nchi mbili ndani yake. Na kila shule ilipoanza kupewa haki yake, alama zilipanda. Wanafunzi wa darasa la tisa waliopata wastani wa 285 katika mtihani wa 2003 walifuatwa na wale wa 2019 waliopata 389. Bado ni chini, lakini si mahali pale pale. Akili za watu hazibadiliki katika miaka 16. Kinachobadilika ni shule.

Pengine msomaji atasema kuwa huo ni msiba wa ubaguzi wa rangi peke yake, na kwamba nchi isiyo na makaburu haina la kujifunza hapo. Na tuitazame Ujerumani. Taifa hilo lilijiona kuwa mwalimu wa ulimwengu katika sayansi na falsafa. Matokeo ya kwanza ya PISA yalipotangazwa Desemba 2001, vijana wake walikuwa wamepata alama 484 katika kusoma, chini ya wastani wa 500 wa nchi tajiri wenzake, hali Finland ilikuwa juu kabisa kwa alama 546. Wajerumani walishtuka, na mshtuko huo umebaki katika historia yao kwa jina la mtihani wenyewe. Walipochunguza walikuta kwamba nchini mwao, kuliko karibu nchi nyingine zote zilizopimwa, alama za mtoto zilifungamana na hali ya wazazi wake. Katika majimbo mengi watoto walitengwa wakiwa na umri wa miaka 10 tu: hawa waende shule za kuelekea chuo kikuu, hawa shule za kuelekea kazi za mikono, na watoto wa wafanyakazi na wa wahamiaji waliangukia kundi la pili. Serikali haikusema kuwa Wajerumani wamepungukiwa akili. Iliongeza shule za kutwa nzima, ikaweka viwango vya taifa zima, ikawasaidia mapema watoto wasioijua lugha ya shule. Katika miaka iliyofuata alama zao zilipanda.

Hivyo tunapata sababu tatu zinazojirudia: fedha na walimu wasiogawanywa kwa haki, utengano wa watoto wangali wadogo, na lugha. Juu ya hii ya tatu Tanzania ina ushahidi wake.

Mwaka 1967, katika mwaka ule ule wa Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Wapo waliodhani kuwa uamuzi huo utawarudisha watoto nyuma. Miaka 40 baadaye, mwaka 2007, mpango wa SACMEQ uliwapima wanafunzi wa darasa la sita wa nchi za kusini na mashariki ya Afrika. Wanafunzi wa Tanzania Bara, waliopimwa kwa Kiswahili, walipata wastani wa alama 578 katika kusoma, wakazipita Shelisheli na Morisi, nchi zenye utajiri mwingi kuliko yetu. Majirani waliopimwa kwa Kiingereza, kama Zambia na Malawi, walipata alama zipatazo 434. Watoto wa Zambia si wajinga kuliko wetu. Wao waliulizwa kwa lugha ya shule; wetu waliulizwa kwa lugha ya sokoni, ya uwanjani na ya nyumbani kwa wengi.

Hata hivyo, tusijisifu kupita kiasi. Aliyepimwa ni yule aliyefika darasa la sita. Aliyeacha shule njiani hakuhesabiwa. Na tathmini zilizofanywa nchini kuanzia mwaka 2010 zimeonyesha kuwa watoto wengi hufika darasa la tatu wasiweze kusoma hadithi fupi ya darasa la pili. Kiswahili hufungua mlango, lakini hakiwezi kukaa mahali pa mwalimu, wala mahali pa kitabu.

Zaidi ya hayo, mlango tulioufungua katika shule ya msingi tunaufunga katika sekondari. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makwetta, ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari na vyuo. Serikali haikukubali. Hivyo mtoto aliyejifunza kwa miaka saba nini maana ya eneo, mzingo na usanisinuru huingia kidato cha kwanza akaanza tena kama mgeni. Matokeo ya kidato cha nne ya mtihani wa 2012, yalipotangazwa mara ya kwanza Februari 2013, yalionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Upungufu wa walimu na maabara katika shule mpya za kata ulichangia sana. Lakini nani awezaye kukana kuwa lugha nayo ilikuwamo? Mwanafunzi asiyelielewa swali hajapimwa fizikia. Amepimwa Kiingereza, kisha akaandikiwa kuwa hajui fizikia.

Ndugu mwalimu, ukiipata orodha ya mataifa, isome, wala usiitupe. Lakini ifundishe kama unavyofundisha historia: uliza nani aliwajengea watoto hawa shule, kwa fedha kiasi gani, kwa lugha ya nani, na kwa nia ipi. Na uliza maswali hayo hayo juu ya orodha ya darasa lako mwenyewe, kabla hujamwita mtoto mzito.

Nawe mwanafunzi uliyewahi kushika mkia, usiifanye nambari ile kuwa jina lako. Watoto wa Soweto walipewa nambari kabla hawajazaliwa, nao wakaikataa. Kuikataa kwao hakukuwa kuuchana mtihani; kulikuwa ni kudai mwalimu, kitabu na lugha, kisha kuketi chini na kusoma, kama walivyofanya wenzao waliofika Mazimbu.