Mchoraji na Kanuni Alizozivunja: Funzo kwa Mhakiki wa Ushairi

Aghalabu mtahiniwa anapokutana na shairi huru huandika kwamba mtunzi ameshindwa na arudhi. Shutuma kama hiyo imewapata wachoraji wa kisasa pia: eti hawajui kuchora. Hebu tuitazame historia yao kabla ya kuhukumu.

Akademia ya kifalme ya uchoraji ilianzishwa mjini Paris mwaka wa 1648. Mafunzo yake yalikuwa na ngazi. Mwanafunzi alianza kwa kunakili michoro ya wengine, kisha akachora sanamu za plasta zilizoiga kazi za Wagiriki na Warumi wa kale. Hatimaye aliruhusiwa kuchora mwili wa mtu hai aliyesimama uchi mbele ya darasa. Zoezi hili lilikuwa kwa mchoraji kama vina na mizani kwa malenga wa jadi.

Henri Matisse alipitia njia iyo hiyo. Alikubaliwa katika École des Beaux-Arts mwaka wa 1895, akafunzwa na Gustave Moreau, akanakili picha katika jumba la Louvre. Mwaka wa 1905 yeye na wenzake walionyesha picha zenye rangi kali zisizofuata maumbile, mhakiki mmoja akawafananisha na hayawani wa mwituni. Je, Matisse alikuwa ameyakana mafunzo yake? La hasha. Alipofungua shule mwaka wa 1908, wanafunzi walitarajia kuanza na rangi hizo. Yeye aliwarudisha kwenye sanamu na mwili wa mtu. Mwaka wa 1952, akiwa mkongwe, alikata maumbo ya wanawake kwa mkasi katika karatasi za buluu. Mwili aliousoma ujanani ulikuwa bado unamwongoza.

Hata hivyo, tusiyatukuze mapokeo kupita kiasi. École des Beaux-Arts haikuwapokea wanafunzi wa kike hadi mwaka wa 1897. Bila kuusoma mwili, ilikuwa muhali kwao kushindania picha kubwa za kihistoria, ambazo ndizo zilizoheshimiwa zaidi. Kanuni ile ile iliyompa mmoja ujuzi ilimfungia mwingine mlango.

Basi, mwalimu, mfunze mtahiniwa wako asikomee kusema kwamba shairi halina vina. Naaulize: mtunzi ameacha kanuni gani, amebakisha ipi, na kwa nini? Akijibu kwa mifano kutoka shairini, hapo ndipo atakuwa amehakiki.