Msichana wa Kwilu: Léonie Abo katika vita vya Mulele, 1963–1968



Juma lililopita mama mmoja alituletea ulizo hili: kwa nini binti wa watu, aliyelelewa vizuri, anaamka siku moja na kuingia msituni pamoja na watu wa silaha? Hatutajibu kwa kutaja mabinti wa leo. Jamaa zao munaishi nazo, na kutaja jina hewani ni kumtia mtu hatarini. Tutarudi nyuma zaidi ya miaka 60, mbali na hapa, upande wa magharibi wa inchi yetu, kwenye mto Kwilu. Ni mbali, lakini mutaona kwamba si pageni.

Léonie Abo alizaliwa huko mwaka 1945, wakati wa Wabeleji. Kwilu ni inchi ya ngazi. Tangu mwaka 1911 kampuni ya Lever ilikuwa imepewa ruhusa ya kuchuma ngazi katika eneo kubwa sana, na wanaume walilazimishwa kupanda miti na kuleta vichane kwa bei ndogo iliyopangwa na mzungu. Mwaka 1931 bei ilianguka, lakini kodi haikuanguka. Wapende wakakataa, wakamuua mtumishi mmoja wa serikali, na jeshi la wakoloni likaua watu zaidi ya 500. Watoto waliozaliwa nyuma ya hayo walikua wakisikia habari hiyo jioni, kama vile watoto wetu wanavyosikia leo kwa nini tulikimbia.

Abo aliozwa akiwa bado msichana mdogo sana, kwa mume asiyemchagua yeye. Alijifunza pia kazi ya kuuguza na kusaidia wamama kuzaa. Mambo haya mawili tuyashike vizuri. Mtu akisema «msichana fulani alifuata waasi», mara nyingi tunafikiri juu ya siasa, au tunafikiri juu ya upumbavu wa ujana. Hatuulizi nyumba aliyotoka ilikuwa nyumba ya namna gani.

Uhuru ulikuja tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1960. Katika Kwilu chama cha PSA cha Antoine Gizenga kilikuwa kimewaambia watu kwamba kodi itapungua, kazi itapatikana, shule na dawa zitakuwa karibu. Watu walikipigia kura kwa wingi. Kisha Lumumba akauawa mwezi wa kwanza 1961, na mwaka mmoja nyuma yake Gizenga akafungwa kwenye kisiwa cha Bula Mbemba. Walimu wakakaa miezi bila mshahara. Vijana waliomaliza shule walizungukazunguka bila kazi, huku wakiona wakubwa wapya wakipita katika magari. Serikali ya Adoula ilikuwa Léopoldville, na mwezi wa 9 mwaka 1963 Rais Kasa-Vubu akafunga Bunge. Mtu wa Idiofa au Gungu aliyekuwa na malalamiko angeyapeleka wapi? Wakati huo neno likaanza kutembea vijijini: uhuru wa pili. Na wale waliokula pamoja na serikali wakaitwa PNP, jina la chama kilichopendwa na Wabeleji. Watu waligeuza herufi hizo kuwa Kilingala, «pene-pene na mundele», maana yake karibu na mzungu. Watu walicheka. Baadaye kuitwa hivyo kulitosha kumuua mtu.

Pierre Mulele alikuwa mtoto wa Kwilu, Mmbunda, waziri wa elimu katika serikali ya Lumumba. Alikwenda Cairo, akaenda China kujifunza vita vya msituni, akarudi kwa siri katikati ya mwaka 1963. Aliwapa wapiganaji wake amri nane. Kwa maneno yetu zilisema hivi: waheshimuni watu wote, hata wabaya, vitu vya wanakijiji vinunuliwe kwa haki, cha kuazimwa kirudishwe, kilichovunjwa kilipwe, musitukane wala kuumiza, musikanyage mashamba, wanawake waheshimiwe, musiwachezee, na mateka wa vita wasiteswe.

Mwaka huo huo Abo alifika msituni. Alikuwa na miaka 18. Fikirini mwenyewe binti aliyeozwa bila kuulizwa anasikia mkubwa wa kambi akisema kwamba mwanamke asichezewe. Na mtu anayejua kufunga kidonda na kupokea mtoto ni mali kubwa mahali ambapo hakuna hospitali. Aliyekuwa mke wa kupigiwa amri akawa mpiganaji, kisha akawa mke wa Mulele. Simwambii mtu kwamba alifanya vema au vibaya. Nasema tu kwamba msitu ulimpa nafasi ambayo kijiji hakikumpa, na aliyetaka kumzuia angepaswa kuja mapema, na kitu kingine mkononi kuliko fimbo.

Vita vilianza mwezi wa kwanza 1964. Silaha zilikuwa mishale, mapanga, bunduki chache za kuwinda na chupa za petroli. Kwa mshale waliweza kumuua Kanali Ebeya, mkubwa wa makao makuu ya jeshi, mwezi wa pili. Lakini amri nane zilikuwa zimekwisha kuvunjwa siku za kwanza. Mapadri watatu waliuawa Kilembe, na mmisionari mwanamke Mwamerika aliuawa kwa mshale usiku. Walimu, makarani na machefu wengine waliuawa kwa sababu waliitwa PNP. Jeshi nalo likachoma vijiji. Watu walioshikwa kati walikimbilia msituni. Wengi hawakuwa na nia ya kupigana, ila nyumba haikuwepo tena. Huko wakakosa chumvi na dawa na nguo. Nyinyi mulio kambini hamuhitaji nieleze maisha hayo.

Jambo jingine linatugusa sisi wa mashariki. Uasi wa Kwilu ulishika hasa kwa Wapende na Wambunda. Majirani zao wengi waliuona kama vita vya wengine, ingawa walilipa kodi ile ile na walikosa dawa zile zile. Hapo ndipo moto ulipokomea, na hapo pia ndipo chuki ya kijiji kwa kijiji ilipoingia. Machefu wanaonisikiliza wanajua kazi ya kuisafisha inachukua miaka mingapi.

Kwetu vita vya mwaka 1964 vilikuwa vya Soumialot na Olenga, vya Wasimba, Uvira na Fizi mpaka Stanleyville, ambao leo ni Kisangani. Mulele hakuongoza vita hivyo, alibaki Kwilu. Lakini jina lake lilifika. Wazee wanakumbuka vijana waliokwenda mbele ya bunduki wakiita «Mai Mulele!», wakiamini kwamba risasi itageuka maji. Bibi yangu alikuwa akilitamka jina hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayepita karibu na kaburi.

Wasimba walivunjwa kati ya mwaka 1964 na 1965. Mulele na Abo walikaa msituni mpaka mwaka 1968, miaka mitano. Kundi lilipungua, njaa ikazidi, watu mmoja mmoja wakarudi vijijini. Mwezi wa 9 mwaka 1968 walitoka, wakafika ng'ambo ya mto, Brazzaville. Mobutu alikuwa rais tangu mwaka 1965, na kulikuwa na habari ya msamaha. Justin Bomboko, waziri wa mambo ya inje, alivuka mto mwenyewe kumchukua Mulele. Aliletwa Kinshasa kwa mashua ya rais na kupokelewa kwa heshima. Mobutu alikuwa safarini. Aliporudi, alisema msamaha haumhusu mhalifu wa vita. Mwanzoni mwa mwezi wa 10 Mulele aliuawa, na mwili wake ukatupwa mtoni. Hapakuwa na kaburi la kulilia.

Tusimame hapa kidogo. Mulele alikuwa na damu ya kujibu, na watu wa Kilembe walikuwa na haki ya kusikia hesabu hiyo barazani, mbele ya mahakimu, mchana. Hawakuisikia. Waliopoteza watu kwa mshale wake na waliopoteza watu kwa moto wa jeshi, wote walirudi nyumbani bila kitu. Na neno «msamaha» likapoteza bei yake katika inchi nzima. Mara ngapi nyuma ya hapo mumemwona kijana akiambiwa atoke msituni, hatadhuriwa, na yeye anatikisa kichwa? Anaweza kuwa hajui jina la Bomboko. Alisikia kwa babu yake tu kwamba wanaotoka huuawa. Basi chefu anayepeleka barua ya serikali msituni aulize kwanza nani ametia sahihi, na kama mwenye sahihi akisafiri, nani atakayelinda neno lake.

Kwilu hakukupoa. Mwezi wa kwanza 1978, karibu miaka kumi nyuma ya kifo cha Mulele, jeshi liliingia pande za Idiofa kwa sababu ya mhubiri mmoja aliyeshitakiwa kwamba anafufua uasi. Mamia ya watu waliuawa, na wengine walinyongwa hadharani.

Abo aliokoka. Alikimbilia Brazzaville, akiwa na miaka 23 tu, na akaishi huko miaka mingi. Habari za maisha yake zilitoka katika kitabu mwaka 1991, kilichoandikwa na Mbeleji Ludo Martens. Ndiyo sababu tunaweza kuzungumza habari zake leo. Wamama wengine waliobeba maji na majeruhi katika msitu ule, waliozaa humo na kuzika humo, walirudi vijijini bila kuulizwa neno. Vijiji vilisema ni wake wa waasi. Waasi waliobaki walisema ni wapishi. Mama aliyetuletea ulizo lake alituambia pia kwamba binti yake amekwisha kurudi, anakaa nyuma ya nyumba, hataki kutoka inje mchana.