Wasiwasi wa ibada

Wasiwasi wa ibada ni sura ya kidini ya ugonjwa wa fikra na vitendo vya kujirudia. Mgonjwa hutubia dhambi ile ile mara kumi, au hutawadha mpaka ngozi ikachubuka, na moyo usimtulie. Kwa asili neno "wasiwasi" ni la Kiarabu, lenye maana ya mnong'ono wa Shetani. Kiswahili cha leo kimelipanua hata likabeba kila hofu, ya karo na ya mvua. Anayeumwa kweli akisema "nina wasiwasi", nani atashtuka?

Mwaka 1907 Sigmund Freud aliufananisha ugonjwa huu na dini ya mtu binafsi, na dini na ugonjwa wa watu wote. Ulinganisho huo unavutia, ila katika mji wa Machakos, Kenya, unapwaya. Mji una msikiti, makao ya jimbo Katoliki lililoundwa 1969, na makanisa ya Africa Inland Church (AIC), tunda la misheni iliyoanzia Nzaui mwaka 1895. Wasiwasi huvaa kanzu ya kila nyumba. Muislamu hukwama kwenye nia na takbira ya kuanza sala. Mkatoliki hutoka kuungama, akarudi foleni: huenda kuna dhambi aliyoisahau. Wa AIC huandamwa na kufuru isiyosameheka ya Mathayo 12, akasimama kuokoka upya kila mkutano. Dini humpa mgonjwa maneno tu. Kurudiarudia ni kwa ugonjwa.

Wanadini waliligundua hili kabla ya madaktari. Fikihi, elimu ya sheria ya Kiislamu, inasema yakini haiondolewi na shaka: uliyetawadha ukashuku, udhu wako upo. Waungamishi nao huwakataza watu wa aina hii kurudia maungamo ya zamani. Tiba ya leo hufuata njia hiyo hiyo, mgonjwa akikabili hofu bila kutenda tendo lake, pengine akisaidiwa na dawa kama fluoxetine.

Wasiwasi huu usichanganywe na kupagawa na pepo, kama kule kulikohusishwa na nabii wa Kikamba Siotune wa Kathuke mwaka 1911, kulikowatia hofu maafisa wa kikoloni wa Machakos. Kupagawa hutaka umati, wasiwasi hujificha.

Katika Makueni, iliyomegwa kutoka Machakos mwaka 1992, Africa Mental Health Foundation ya Profesa David Ndetei iliwafunza waganga wa jadi na waombeaji kutambua magonjwa ya akili na kuwaelekeza wagonjwa vituo vya afya. Huyu wa wasiwasi ndiye mgumu kumwona: kanisani huonekana muumini anayekesha kuliko wote.